Akina Kulwa Wote wa Madibira

Jumatatu, 9 Juni 2025. Madibira.

Nimehamisha meza. Hatimaye! Nilimweleza Mama Severina, mwenye mashine hii ya kukoboa mpunga, kwamba mtandao unashika vizuri karibu na mizani kuliko kule stoo. Ni kweli tupu. Sikumweleza kwamba karibu na mizani ndipo anapokaa Kulwa.

Kulwa ni karani wa mizani. Binti wa Mzee Limbu, mmoja wa Wasukuma waliohamia Usangu zamani na mifugo yao. Pacha wake, Doto, ameolewa huko Shinyanga. Kabla ya kupandisha gunia kwenye mizani Kulwa hulipiga kofi dogo, kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Nimeliangalia kofi hilo wiki nzima. Sijachoka.

Mimi ni Ipyana, mtaalamu wa mifumo kutoka Mbeya mjini. Naandika hili kwa faida ya wajukuu.

Kazi yangu hapa: mkulima akileta mpunga, jina lake na namba ya simu vinaingia kwenye kompyuta ya Mama. Mpunga ukishakobolewa, anapata meseji aje achukue mchele wake. Meseji zinatumwa na kampuni iliyoko Dar. Leo Mama akaniuliza kwa wasiwasi kama hao watu wa Dar watakuwa wanaingia kwenye kompyuta yake na kuchungulia mambo yake. Nikamwambia hapana Mama, ndiyo maana kuna API. Nikamwonyesha dirisha letu la kupokelea magunia. Mteja haingii kwenye mashine, atakatika vidole. Anasimama dirishani, anajitambulisha, anasema anachotaka, anajibiwa. Basi na mfumo wetu unasimama hivyo hivyo kwenye dirisha la kampuni ya Dar. Unaonyesha ufunguo wake, yaani mlolongo mrefu wa herufi za siri, ili ujulikane ni nani. Unasema mpelekee fulani maneno haya. Unajibiwa kwa namba. 200 ni sawa, imefanyika. 401 ni mimi sikujui. 404 ni unachotafuta hakipo. Hakuna anayeingia ndani kwa mwenzake.

Mama akasema kumbe hata kompyuta zinabisha hodi. Kulwa alisikia, akatabasamu. Alimtabasamia nani, mimi au gunia? Sijui.

Jumanne, 10 Juni.

Msiba! Kazi imekwisha.

Nilijaribu asubuhi kwa kutuma meseji ya majaribio kwa Mama. 200. Simu yake ikalia pale pale kiunoni. Maishani mwangu mfumo haujawahi kukubali mara ya kwanza, umekubali leo. Mfumo ukishakubali, fundi hurudi kwao.

Nimefikiri haraka. Nimemwambia Mama kwamba mfumo ni kama maziwa, lazima uachwe ugande. Akauliza unaganda kwa muda gani. Nikasema wiki mbili. Mama ni Mhehe wa Kalenga, hapendi kuharakisha mambo, akakubali. Akanitengea ugali na mlenda.

Kwa furaha nikaenda kumsalimia Kulwa kwa Kisukuma. Nilikuwa nimejifundisha. Nikasema "mwangaluka!" Akaniambia kwa upole kwamba hiyo ni ya asubuhi, sasa hivi ni alasiri, inasemwa "mwadila." Akageukia gunia. Kofi dogo.

Kesho nitaamka mapema.

Alhamisi, 12 Juni.

Kulwa anaondoka.

Mama alilitamka kama mtu anayetangaza kwamba chumvi imeisha. Ghala la Iringa mjini linalonunua mchele wetu linataka karani hodari, na Kulwa amekubali. Anapanda gari Jumapili, tarehe 22, kupitia Mafinga. Chai ilinipalia. Mama akanipiga mgongoni akidhani ni kiazi.

Na balaa haliji peke yake. Leo amefika Shedrack, kijana wa mifumo wa ghala hilo hilo. Kaja kuunganisha mfumo wao na wetu, ili walioko Iringa wajue hapa Madibira kuna mchele kiasi gani bila kupiga simu. Ana chupa ya maji ya chuma. Ana begi lenye mifuko mingi. Ana adabu nyingi mno, na hilo ndilo linaloniudhi.

Aliangalia mfumo wangu akauliza mteja tunamtambua kwa nini. Nikasema kwa jina lake na la baba yake. Akasema kaka, jina si kitambulisho, watu wanafanana majina, mpe kila mteja namba yake ya pekee. Nikamjibu, kwa sauti ya kusikika mizanini, kwamba sisi Wanyakyusa mtu ni jina lake, hatuwapigi watu namba kama magunia.

Kulwa akainua kichwa. Akasema, "Hapo umesema, fundi."

Umesema! Fundi! Namba nimezikataa na nitazikataa hadi kaburini.

Jumamosi, 14 Juni.

Leo nimefanya jambo baya kwa sababu nzuri.

Shedrack anahitaji ufunguo ili mfumo wake uruhusiwe kwenye dirisha letu. Nikampa. Ila nilibadilisha herufi moja katikati. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: atajaribu, ataambiwa 401, atajaribu tena, 401, atakata tamaa, atarudi Iringa na chupa yake.

Hakukata tamaa. Na kwa kuwa mtandao unashika karibu na mizani (ni mimi niliyelitangazia hilo jengo zima!), alikaa karibu na mizani. Siku nzima. Kulwa akamwachia kigoda chake. Akamletea chai. Akamletea karanga za kuchemsha! Mimi tangu nifike sijaonjeshwa hata ganda. Walizungumza habari za Iringa, baridi yake, vyumba vya kupanga, kanisa lipi lina kwaya nzuri. Kila 401 ikitokea Kulwa alisema "pole" kwa sauti ambayo ningetoa ng'ombe ili niambiwe mimi.

Saa kumi sikuweza tena. Nikampa ufunguo sahihi, nikasema ule wa kwanza ulikuwa wa zamani. Shedrack akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema wataalamu wanaokubali makosa ni wachache nchini. Nimejisikia vibaya mpaka chai imenipita kooni bila ladha.

Jumatatu, 16 Juni.

Mfumo wa Shedrack unaudhi. Kila dakika unakuja dirishani kwetu: kuna mchele mpya? Hakuna. Kuna mchele mpya? Hakuna. Kompyuta ya Mama inahema. Nikaona hapo hapo nimempata. Nikamshtaki kwa Mama, mbele ya mizani, kwa maneno makali kiasi.

Shedrack hakubisha! Akasema ni kweli kaka, nimeusuka vibaya. Kuuliza kila dakika ni kumchosha mwenzio. Njia nzuri ni kuacha anwani yako mara moja, ukatulia, na mwenye habari akiwa na jipya atakuletea mwenyewe. Akaanza kurekebisha.

Kulwa akasema ndiyo, maana wako watu wanaopita hapa mizanini kila dakika kuangalia kama kuna jipya. Alisema hivyo akiangalia viatu vyangu.

Leo nilikuwa nimepita mara nyingi. Nilikuwa natafuta kalamu. Ilikuwa sikioni.

Nimeketi nikawaza. Shedrack, adui yangu, kasema kweli. Sitapita tena. Nitaacha neno langu mara moja, kamili, kisha nitatulia. Tatizo ni jinsi ya kuliacha. Nikisimama mbele yake kwa mdomo wangu, ulimi unakuwa mzito kama gunia la lumbesa. Lakini mimi si ni mtaalamu wa kutuma meseji?

Ila namba yake sina.

Jumatano, 18 Juni.

Mpango wa kupata namba. Nimemtangazia Kulwa, kikazi kabisa, kwamba mfumo unahitaji namba za wafanyakazi wote kwa ajili ya majaribio. Akasema muulize Mama, ndiye mwenye wafanyakazi. Nikamuuliza Mama. Mama akanipa namba yake mwenyewe, ninayo, na namba ya Mzee Eliezeri, mlinzi. Kulwa, akasema, si anaondoka, wa nini?

Sasa mlinzi anapokea meseji kwamba mpunga wake umekobolewa. Halimi mpunga. Amefurahi sana, anawaonyesha watu.

Kulwa ameanza kumfundisha binti atakayeshika mizani. Amemfundisha hata lile kofi. Nilitoka nje. Vumbi la pumba linaumiza macho msimu huu.

Ijumaa, 20 Juni.

Nimefanya!

Usingizi haukuja, lakini akili ilikuja. Namba yake ya nini, wakati mfumo unazo namba zote? Madibira nani halimi mpunga? Mzee Limbu lazima alete mpunga wake hapa, na Kulwa lazima awe ameandikishwa. Kazi yangu ni kuuambia mfumo mpelekee Kulwa, basi. Namba utaitafuta wenyewe. Ndiyo maana ya mfumo!

Nikatunga maneno. Niliyafuta mara nyingi. Yaliyobaki ni haya: "Kulwa, kabla hujaenda Iringa, njoo nyuma ya mashine penye pumba, Jumamosi saa nne asubuhi. Kuna neno la moyoni linakusubiri." Jina langu sikuweka. Mwenyewe atajua. Na meseji zetu zote zinaingia kwa jina la mashine, ni heshima zaidi.

Nikaandika jina lake kamili, Kulwa Limbu. Nikabonyeza.

404. Hayupo.

Nikaisoma tena. Kisha nikacheka. Bila shaka waliandika kwa haraka wakaacha jina la baba. Nikafuta Limbu, nikabakiza Kulwa. Nikabonyeza.

200!

Sawa! Imefanyika! Nimepiga pasi shati la bluu kwa pasi ya mkaa ya Mama. Limeungua kidogo mgongoni. Nitasimama nimeegemea ukuta.

Jumamosi, 21 Juni.

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Saa nne kasoro nilikuwa nyuma ya mashine penye kilima cha pumba. Shati la bluu. Mgongo ukutani.

Akaja bibi kizee na mkongojo na kikapu. Nikamwamkia. Akasema yeye ni Kulwa, kaitwa. Nikamuuliza kaitwa na nani. Na mashine, akasema. Akanionyesha simu. Akasema Iringa hajawahi kwenda, lakini ana binti yake huko hajamwona tangu mvua za mwaka juzi, na kama mashine inampeleka, yeye yuko tayari, nguo ziko kikapuni.

Sijapata kumjibu, akaja mwanamume mrefu anayeitwa Kulwa. Akasema hajui nani kamzushia safari ya Iringa, yeye ana ng'ombe wawili wa kukamua. Akaja mama mmoja, Kulwa, na nyuma yake mume wake, si Kulwa, na fimbo. Mume aliuliza neno la moyoni ni la nani na liko wapi. Nikaegemea ukuta zaidi. Wakaja Kulwa wawili kwa baiskeli moja, baba na mtoto wa kaka yake. Wakaja wengine kutoka ng'ambo ya mfereji, suruali zimekunjwa, matope magotini. Kila nyumba ya Kisukuma iliyobarikiwa mapacha ina Kulwa na Doto, nalijua hilo, Tanzania nzima inalijua! Sikuwahi kufikiri kwamba wote wanakoboa mpunga.

Wa mwisho alikuwa Mzee Kulwa Makoye, mjane, ndani ya koti, amenyoa, kuku jogoo kwapani. Hakuja penye pumba. Alienda moja kwa moja kwa Mama Severina ofisini. Alivyoelewa yeye, meseji imetoka kwa mashine, na mashine ni ya Mama Severina, naye Mama ni mjane pia. Akasema neno la moyoni amelipokea na jibu lake ni ndiyo.

Kelele za Mama zilisikika mpaka kwenye majaruba ya mpunga. Nikaingia katikati ya pumba. Sioni aibu kuliandika. Nilichimba nikakaa.

Nikiwa humo nilisikia sauti ya Kulwa. Kulwa mwenyewe. Mama alikuwa amemtuma awatulize watu. Akamwomba bibi kizee ile simu, akaisoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Shedrack, ambaye alikuwa amekuja kutazama, akaanza kusema kwamba hilo ndilo alilonieleza kuhusu namba ya pekee, kisha akakatiza, nadhani alikanyagwa.

Kulwa akauliza ni nani hapa anajua safari yake ya Iringa. Mlinzi akasema wote. Akauliza ni nani anayejua kutuma meseji za mashine. Hakuna aliyejibu. Watu wema sana, Madibira.

Pumba zikafunuliwa juu ya kichwa changu. Alikuwa yeye. Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Akasema, "Fundi, yupo Kulwa mmoja hajapata meseji."

Nikasema haiwezekani, nilipata 200.

Akasema kwao hawalimi mpunga, wanafuga. Hajawahi kuleta gunia lake hapa hata siku moja. Anapima ya wenzake tu. Jina lake halimo kwenye mfumo wangu na halijawahi kuwamo. Alisema, "Mimi nipo hapa mizanini, fundi. Hatua mbili. Si ungeniambia?"

Mfumo ulikuwa umeniambia ukweli mara ya kwanza. 404. Mimi nikafuta jina la baba yake ili nipate jibu ninalolitaka.

Basi nikasema. Kwa mdomo. Nikiwa na pumba kwenye nyusi, mbele ya akina Kulwa wote na mume mwenye fimbo. Nilisema nampenda, kwamba nampenda tangu lile kofi la gunia, kwamba mfumo ulikwisha zamani na mimi ndiye niliyekuwa naganda. Nilipoishiwa Kiswahili nikaendelea kwa Kinyakyusa. Naye akanijibu kwa Kisukuma, maneno marefu, kwa sauti ya chini. Sikuelewa. Nikamwomba atafsiri. Akasema jifunze.

Wale Kulwa wote walielewa. Wakapiga vigelegele, hata yule mrefu. Mume mwenye fimbo akanipa mkono.

Jumapili, 22 Juni.

Ameondoka. Kazi ni kazi, na mizani ya Iringa ni kubwa kuliko yetu. Nilikuwa nimeota kwamba angeahirisha. Alipoona uso wangu stendi akasema Iringa si Ulaya.

Bibi Kulwa naye alipanda gari hilo hilo, nguo kikapuni, anakwenda kumwona binti yake. Kulwa alimkalisha dirishani na kumfunga kitenge miguuni. Nikafikiri angalau meseji yangu moja imefika ilikotakiwa.

Kabla gari halijaondoka Kulwa alinipa namba yake. Alinitajia mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, akanirudisha mwanzo nilipokosea. Akanitwanga kofi dogo begani. Lile lile. Gari likaondoka na mimi nikabaki nimesimama mpaka vumbi likatulia.

Nilimkumbuka kabla hajafika Mafinga.

Mama Severina amenisamehe. Alikuwa akinywa chai na Mzee Kulwa Makoye. Jogoo bado yu hai, anatembea ofisini, na hakuna anayeelekea kumchinja.

Jumatano, 25 Juni. Mbeya.

Baridi ya mjini kali. Kulwa amepiga kutoka Iringa. Chumba amepata, kwaya amepata, Shedrack ananisalimia na amenitumia makala kuhusu namba za pekee. Makala ndefu. Sijaifungua.

Kisha akasema jambo la maana. Kama nina nia, Jumapili niende kwa baba yake. Niende kwa miguu yangu, nikae chini, nimwamkie, niseme kwa mdomo wangu. Si kwa meseji. Alirudia: si kwa meseji, Ipyana. Aliniita Ipyana! Nikaapa. Nimejifunza, nikamwambia, nimejifunza moja kwa moja.

Nitakwenda, bila shaka yoyote. Kwa miguu na kwa mdomo. Lakini nimefikiri. Mzee wa heshima, kuvamiwa tu na Mnyakyusa asiyemjua, je, ni adabu? Si afadhali aandaliwe taratibu? Salamu fupi kila asubuhi, mwangaluka, saa sahihi nimeihakikisha. Na leo ya kwanza, ya kufungua njia: "Mzee Limbu, Jumapili unakuja ugeni wa mkweo. Andaa kiti." Hiyo si kusema kwa meseji. Hiyo ni kubisha hodi.

Namba yake sina, na Kulwa siwezi kumwomba. Ila ufunguo wa mashine bado unafanya kazi.

Nikaandika jina lake kamili, Limbu Nkwabi.

404.

Waandikaji wa Madibira wana haraka sana. Nikafuta Nkwabi, nikabakiza Limbu.

200! Nimeshaanza kupiga pasi shati.